Shemeji anataka asilimia 10 ya ruzuku, na sahihi ni yangu

Shikamoo Bi Mshauri,

Naomba usitaje jina langu wala mji wangu, maana Waswahili wa huku tunajuana wote. Niko magharibi ya Ujerumani, huu mwaka wa 11. Nina watoto wawili na nafanya kazi ya kutunza wazee, zamu za usiku. Miaka 4 iliyopita tulianzisha chama, akina mama 9 kutoka Tanzania, Kenya, Burundi na Kongo. Tumesajiliwa mahakamani na barua ya msamaha wa kodi tunayo.

Kila Jumamosi, saa nne asubuhi mpaka saa saba, tunakaa kwenye ukumbi wa parokia na watu wanakuja na barua zao: za ofisi ya ajira, za bima ya afya, za shule za watoto. Tunazisoma pamoja, tunafundishana kujibu na kujaza fomu za mtandaoni. Zamani mama alikuwa anasomewa barua ya hospitali na mtoto wake wa miaka 9, mambo ya mwili wake mwenyewe. Sasa wanakuja watu 15 mpaka 20 kwa siku. Fedha zetu ni mchango wa euro 5 kwa mwezi kwa kila mwanachama, na sambusa tunazouza kwenye tamasha la mtaa. Mwenyekiti ni mimi.

Mdogo wa mume wangu yuko Brussels, ana chama chake huko. Mwezi uliopita alitutembelea akatuambia Umoja wa Ulaya una ruzuku ya Erasmus+, programu yake ya elimu, kwa vyama vidogo, euro 60,000. Andiko lote la kuombea fedha ataandika yeye, kwa sababu analo moja lililowahi kushinda na atabadilisha majina tu. Sisi tuwe waombaji kwa kuwa karatasi zetu ni safi, chama chake kiwe mshirika. Malipo yake ni euro 400 za kianzio, na tukishinda asilimia 10, yaani euro 6,000. Zitakazobaki tugawane nusu kwa nusu. Mhazini wetu ameshampa zile 400. Siku hiyo mimi nilikuwa zamu, simu nimezima.

Wenzangu wamechangamka mno. Mmoja anataka kompyuta mpakato 10, mwingine anasema tukodi ofisi kuanzia Mei, na dada yetu wa Tanga anaomba tukate euro 10,000 tukajenge darasa kijijini kwao. Mwisho wa kupokea maombi ni mapema Machi, zimebaki wiki 5. Juzi shemeji katuma fomu imeshajazwa, Kiingereza kitupu. Nimeisoma mara mbili kwa kamusi. Imeandikwa tutawafikia watu wazima 400. Mia nne! Hatujawahi. Sasa anataka nimpe neno la siri la akaunti aitume mwenyewe, na mimi nitie sahihi kwenye tamko.

Nilipomwambia mume wangu kwamba nina wasiwasi, akasema ndugu yake anajitolea kutuinua na mimi namtilia shaka. Mama mkwe naye keshapiga simu kutoka Bujumbura kuuliza kama ni kweli mke wa kaka anabania riziki ya mdogo mtu.

Nitie sahihi, au nikatae niharibu undugu? Au naogopa tu kwa sababu sikusoma sana?

Mwenyekiti Asiyelala


Marahaba, mdogo wangu.

Nianze na swali lako la mwisho, maana ndilo linalokunyima usingizi. Mtu aliyesoma fomu ya Kiingereza mara mbili kwa kamusi baada ya zamu ya usiku, akakamata ile idadi ya watu 400 isiyo na asili, amefanya kazi ileile atakayoifanya mtathmini kule kwenye wakala unaosimamia ruzuku hizi. Woga wako una macho. Tuufuate tuone unaelekeza wapi.

Nikikuelewa vizuri, mambo mawili yamefungwa kwenye kanga moja. Kuna ombi la fedha, ambalo lina kanuni zake zilizoandikwa, na kuna heshima ya ndugu wa mume, ambayo haikuandikwa popote lakini inauma zaidi. Wewe umeyaona kama kitu kimoja: kutia sahihi ni kulinda undugu, kukataa ni kuuvunja. Naomba tuyatenganishe kidogo, kwa sababu ukishazijua kanuni, huenda maneno ya kumwambia shemeji yakawa mepesi kuliko unavyodhani.

Ruzuku anayoizungumzia ipo kweli. Ni ushirikiano mdogo wa Erasmus+, wenyewe huuita KA210, na uliwekwa makusudi kwa vyama kama chenu ambavyo havijawahi kuomba. Unahitaji angalau taasisi mbili kutoka nchi mbili tofauti zilizo kwenye programu, mradi wa miezi 6 hadi 24, na kiasi ni cha mkupuo, yaani jumla moja iliyopangwa tangu mwanzo: euro 30,000 au 60,000, hakuna katikati. Kwa kazi yenu ya elimu ya watu wazima, mwombaji wa Ujerumani hupeleka ombi kwa wakala ulioko Bonn, chini ya BIBB, taasisi ya Ujerumani ya mafunzo ya ufundi. Ukomo huwa saa sita kamili mchana kwa saa za Brussels, na saa sita na dakika moja mfumo umeshafungwa. Mpaka hapo shemeji hakukudanganya.

Sasa ile asilimia 10. Mwongozo wa programu una kifungu kuhusu uhalisi wa andiko: andiko lazima litungwe na taasisi zinazoomba zenyewe, na hairuhusiwi kumlipa mtu au taasisi ya nje ili aliandike. Soma tena kwa makini, kwa sababu humo mna mlango uliofungwa na mlango ulio wazi. Chama cha shemeji kikiwa mshirika wa kweli, yeye anaruhusiwa kabisa kushika kalamu, kwani naye ni mwombaji mwenzenu. Kinachokatazwa ni kuilipia kalamu hiyo, iwe 400 za kianzio au 6,000 za ushindi. Zaidi ya hapo, fedha ya mkupuo hugawanywa kwa shughuli, na kila shughuli ina kiasi chake kwenye fomu. Hizo 6,000 mtaziweka chini ya shughuli gani? Zikifichwa ndani ya "mafunzo", basi kuna mafunzo ya euro 6,000 ambayo hayatafanyika, na tamko utakuwa umetia sahihi wewe.

Lile andiko lililowahi kushinda nalo ni hatari ya peke yake. Mawakala hulinganisha maandiko, na mawili yanayofanana mno yanaweza kukataliwa yote mawili, hata kama yalipelekwa nchi tofauti. Hujui kalitumia mara ngapi, wala kama kuna chama kingine mwaka huu kimeuziwa kurasa hizohizo. Hata likipenya, litapewa alama na mtu anayetafuta chama chenu humo ndani. Umuhimu wa mradi una alama 30, mpango wa kazi 30, ushirikiano 20, matokeo 20. Mnatakiwa mpate angalau 60 kwa jumla, na pia nusu ya alama katika kila kipengele. Yaani mkipata 9 kwenye ushirikiano mmeanguka, hata kama jumla ni 80. Kwenye ushirikiano ndipo swali gumu lilipo: kwa nini Brussels? Jibu la "ni shemeji" halina alama. Jibu linaweza kuwepo, hata hivyo. Brussels ina Waswahili wengi wa Kongo na Burundi, nao wanapambana na barua za ofisi kwa Kifaransa na Kiholanzi kama nyinyi mnavyopambana na Kijerumani. Swali la kumuuliza shemeji bila hasira ni hili: chama chake hukutana siku gani, wapi, na watu wangapi? Akikujibu kwa siku, mahali na idadi, una mshirika. Akizungukazunguka, umejibiwa pia.

Niulize kitu kuhusu 60,000 zenyewe. Mnazihitaji? Piga hesabu yake: toa 6,000, zibaki 54,000, nusu yenu 27,000. Kwa miezi 24 hiyo ni euro 1,125 kwa mwezi. Mkiomba 30,000 za miezi 12 bila kumlipa mtu wa kalamu, nusu yenu ni 15,000, sawa na 1,250 kwa mwezi. Kila mwezi mnapata zaidi, na ahadi za kutimiza zimepungua nusu. Si kila mtu atakubaliana nami, lakini kwa chama kinachoendeshwa na sambusa na akina mama wa zamu, mradi mdogo unaotimia una faida kuliko mkubwa unaokufanya uandike 400 mahali pa 20. Ile idadi ina meno: kwenye mkupuo wakala hawadai risiti ya kila tiketi, wanadai uthibitisho kwamba shughuli ilifanyika kama ilivyoandikwa. Orodha za mahudhurio zenye sahihi, programu ya siku, vitini, picha. Shughuli isiyofanyika hailipwi, na ripoti dhaifu hukatwa asilimia. Watu 20 kila Jumamosi wapo, na sahihi zao mnaweza kuanza kuzikusanya wiki hii.

Halafu kuna jambo ambalo wenzako waliokwisha kugawa fedha hawajalifikiria: zinaingia lini? Ombi la Machi hujibiwa kiangazi kikiwa kinaisha au karibu na hapo, na mradi huanza kati ya Septemba mosi na Desemba 31. Ofisi ya Mei ingelipwa na sambusa. Isitoshe, kwa kawaida hutangulia asilimia 80 na 20 husubiri ripoti ya mwisho ikubaliwe. Kwenye 60,000 hizo 20 ni euro 12,000 za kazi ambayo mmeshaifanya na hamjalipwa. Nani atazibeba? Mratibu, yaani nyinyi, ndiye anayepokea fedha na kumpelekea mshirika sehemu yake, na mambo yakiharibika wakala atamtazama mratibu kwanza. Ndiyo maana karatasi zenu safi zina thamani kwa watu wengine.

Darasa la Tanga mwambie dada kwa upole kwamba haliwezekani kwenye mfuko huu. Ushirikiano mdogo unafanyika ndani ya nchi za programu, na fedha zake si za ujenzi. Kuna taasisi iitwayo Engagement Global, makao yake Bonn, inayosimamia fedha za wizara ya maendeleo ya Ujerumani kwa vyama vyenye miradi nje. Aanzie huko, kwa andiko lingine na subira nyingine. Kompyuta 10 nazo mtathmini ataziuliza: za shughuli ipi? Tatu za kujifunzia fomu za mtandaoni zinaeleweka.

Kuhusu neno la siri, hapa nitakaza sauti kidogo. Akaunti ya EU Login, ile ya kuingilia mifumo ya Umoja wa Ulaya, ni ya mtu, si ya chama. Ni yako kama kitambulisho. Kinachotambulisha chama ni namba inayoanza na herufi E ikifuatwa na tarakimu 8, na hiyo unaweza kumpa mshirika yeyote bila hofu. Mfumo wa fomu una kitufe cha kushirikisha ombi: unaandika barua pepe ya shemeji, unampa ruhusa ya kuhariri, na ya kutuma unabaki nayo wewe. Kwa hiyo hakuna kazi ya haki inayohitaji neno lako la siri. Na fomu si lazima iwe ya Kiingereza. Wakala wa Ujerumani hupokea Kijerumani, lugha ambayo kwa miaka 4 mmeifundisha kwa barua za ofisi. Kwa nini mtie sahihi lugha ya kamusi?

Njia zako, kama ninavyoziona, hazilingani uzito.

Unaweza kuomba mwaka huu pamoja na shemeji, malipo ya kalamu yakiwa yamefutwa na andiko likiwa jipya. Wiki 5 zinatosha kwa 30,000 kama kazi imeshagawanywa: wiki ya kwanza mnakubaliana shughuli 3 au 4 pamoja na gharama zake, ya pili na ya tatu mnaandika, ya nne mtu asiyewajua anasoma, ya tano mnatuma siku 3 kabla. Unaweza kutuma, ukarekebisha, ukatuma tena. Toleo la mwisho ndilo linalohesabiwa. Hatari yake ni usingizi wako, na kwamba shemeji ni ndugu wa mwenyekiti. Undugu peke yake haumzuii kuwa mshirika, ila mkataba wa ruzuku unataka mgongano wa maslahi, ukiwemo wa kifamilia, uelezwe waziwazi na uzuiwe. Iandikwe kwenye kumbukumbu za kikao kwamba wanachama waliambiwa, na uamuzi wa kumchagua wapigie kura wengine, wewe ukiwa nje ya chumba.

Unaweza kungoja mwaka mmoja. Si kukataa. Programu hii inaendelea mpaka 2027, na wakala hutoa ushauri bila malipo kwa waombaji wapya, hata kwa simu. Katika mwaka huo mngekwenda Brussels kwa treni Jumamosi moja mkaona chama chake kinavyofanya kazi. Kuna pia miradi mifupi ya safari za mafunzo, KA122, ya miezi 6 hadi 18 na washiriki wasiozidi 30, ambayo haihitaji mshirika aandike pamoja nanyi. Ombi lake huwa Februari. Ubaya wa kungoja ni kwamba moto wa wenzako unaweza kupoa, na shemeji akaondoka na karatasi zake kwenda kwa chama kingine. Huo wa pili sijui kama ni ubaya.

Unaweza pia kumwacha mwingine awe mwenyekiti na mtia sahihi. Naitaja kwa sababu najua imekupitia akilini. Fikiria nani angekaa hapo, na kama angesoma mara mbili.

Au unaweza kutia sahihi kama ilivyo. Wapo waliofanya hivyo na hawakuulizwa kitu. Sheria ya Ujerumani huwalinda viongozi wa vyama wanaojitolea bila malipo, lakini ulinzi huo haufiki kwenye makosa ya makusudi wala uzembe mkubwa, na wewe sasa umeshasoma kifungu. Nyaraka hutunzwa miaka 3 baada ya malipo ya mwisho kwa ruzuku isiyozidi 60,000, na ofisi ya kodi ina muda wake mrefu zaidi. Ni wewe unayejua kama miaka hiyo ungeilala.

Zile euro 400 zimekwisha kutoka, na mhazini asisimangwe. Ila asije akaziandika "nauli" ili zipendeze. Ziandikwe kama zilivyotoka, na shemeji aombwe azirudishe kwa benki ili kuwe na alama pande zote mbili. Akisema ameshazitumia, apangiwe euro 50 kila mwezi kwa miezi 8. Wakati huohuo mpigie mshauri wa wakala, huna haja ya kutaja majina, uulize: fedha ya namna hii ikirudishwa kabla ya ombi kutumwa, tunaweza kuendelea?

Na mumeo? Barua yako inasema ulimwambia una wasiwasi. Haisemi kama alikiona kifungu, wala ile 400 kwenye fomu. Huenda amesikia "simwamini ndugu yako" mahali ambapo wewe ulitaka kusema "hiki kinaweza kutuponza sote, na ndugu yako akiwemo". Maana kama ombi litakataliwa kwa kununua andiko, jina la chama chake limo kwenye fomu ileile. Keti naye Jumapili ukiwa umelala, umwonyeshe kwa kidole. Mama mkwe atasikia kutoka kwa mwanawe, na itakuwa habari nyingine kabisa.

Shemeji mwenyewe usimwendee na hukumu, huenda kweli hajui. Mwongozo wa programu hutolewa kwa lugha nyingi rasmi za Umoja. Tafuta ukurasa wa kifungu hicho kwa Kifaransa, mtumie, kisha mpigie: "Shemeji, Kifaransa changu kibovu, hebu nisomee hapa panasemaje." Umwache asome kwa sauti mpaka mwisho.